Je, Wajua? Kuta za Verdon Zilizaliwa Baharini

Korongo la Verdon, kusini mwa Ufaransa, lina kina cha hadi mita 700. Kuta zake ni mawe ya chokaa yaliyojijenga katika bahari ya kale yenye matumbawe, kisha mto ukayakata polepole mno. Mwaka 1905 mvumbuzi wa mapango Édouard-Alfred Martel alilipita akiwa na wenzake, akiwemo Isidore Blanc, mwalimu wa kijijini anayestahili kutajwa zaidi. Leo njia ya miguu inayopita humo chini inaitwa kwa majina ya Blanc na Martel.

Tumbusi waliokuwa wametoweka korongoni humo walianza kurudishwa mwaka 1999. Ukisimama ukingoni juu, mara nyingi utawatazama mgongoni, kwa kuwa wanaruka chini yako.