Je, Wajua? Nguvu ya Dawa Mseto Imo Katika Atomi Mbili za Oksijeni

Artemisinini, chimbuko la dawa mseto ya malaria inayojulikana Tanzania kwa jina la ALu, ilitengwa mwaka 1972 nchini China na kundi la watafiti lililoongozwa na Tu Youyou, kutokana na mmea uitwao kitaalamu *Artemisia annua*, ambao siku hizi hulimwa pia Afrika Mashariki. Matokeo ya awali hayakuwa ya kutegemewa, hadi Tu aliposoma katika kitabu cha tiba cha Ge Hong, cha karne ya 4, kwamba mmea huo huloweshwa majini na kukamuliwa, bila moto kutajwa. Ndipo akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi 35 hivi za Selsiasi, akihofia kwamba joto kali huharibu kiambato.

Umbo la molekuli ya artemisinini ni la ajabu kidogo. Atomi mbili za oksijeni zimeshikana zenyewe kwa zenyewe na kufanya daraja la peroksidi, muungano ambao kwa kawaida mwanakemia angeuona legelege mno kufaa kuwa dawa. Lakini kimelea cha malaria, kinapomeng'enya hemoglobini, yaani protini nyekundu ya damu, huachilia chuma kinacholivunja daraja hilo, na vipande vinavyozalika, viitwavyo radikali huru, huziharibu protini za kimelea chenyewe. Kwa kuibadili artemisinini kidogo maabarani hupatikana artemetha, iyeyukayo vizuri katika mafuta, na artesuneti, ambayo hutumika kwa sindano ya malaria kali.