Pumzi ya Wawili Chini ya Bahari

Tarehe 29 Septemba 2019, gari lililokuwa na mama na bintiye lilitumbukia baharini kutoka kivuko cha MV Harambee, Likoni. Jamaa walingoja ufuoni hadi tarehe 11 Oktoba, gari lilipotolewa katika kina cha takriban mita 58. Wengi waliuliza kwa uchungu mbona wazamiaji walikawia. Jibu moja limo katika hesabu ya hewa, nayo yafaa ijulikane na kila mzazi, awe wa Mombasa au wa Kibabii kule Bungoma, ambaye mwanawe amepata kazi au matembezi Diani, Watamu au Wasini na kutamani kuzamia.

Mtungi wa mzamiaji hutiwa hewa hii hii tuivutayo, ila imeshindiliwa. Kila mita 10 za kina, maji huongeza mkandamizo sawa na ule wa anga yote iliyo juu yetu, na kila pumzi huchota hewa nyingi zaidi mtungini. Basi mtungi ambao ungemtosha mtu dakika 60 juu ya maji, humtosha dakika 30 katika mita 10, dakika 20 katika mita 20, na dakika 15 katika mita 30. Katika kina kile cha Likoni, hazitimii 9. Mwenye hofu huhema mbio, zikapungua tena. Isitoshe, hewa ya kawaida ikivutwa katika kina kirefu hulevya akili.

Kwa hiyo mtungi uliojazwa bar 200 haumalizwi. Mzamiaji hufika juu akiwa na bar 50 zilizosalia. Akiba hiyo ni yake na ya mwenzake. Wawili hukaguana vifaa kabla ya kuingia majini, huulizana kipimo mara kwa mara, na hawaachani macho. Kila mmoja huchukua mdomo wa pili wa kuvutia hewa, aghalabu wa rangi ya manjano, kwa ajili ya mwenziwe. Aliyeishiwa hupitisha kiganja shingoni mithili ya kisu. Mwenziwe humpa mdomo ule, wakashikana na kupanda polepole, si zaidi ya mita 9 kwa dakika, bila kuzuia pumzi kamwe, kwani hewa iliyozuiwa hutanuka na kuweza kuyapasua mapafu.

Hewa ya mmoja ikikaribia kikomo, wote wawili hupanda, wala hapana lawama. Kijana anayeona haya kusema kwamba hewa yake imepungua humhatarisha na mwenzake.

Ndugu mzazi, kabla ya kutoa idhini, mwulize mwalimu cheti chake, mwulize mwanao atazamia na nani, na ni nani kati yao atakayekagua mtungi wa mwenziwe. Asipokuwa na jibu, na angoje siku nyingine.