Satwa: Ng'ambo ya Dubai



Waswahili tukitaja Dubai huwa tunamaanisha Deira: vitenge, simu, vipuri vya magari, mizigo ya kwenda Mombasa na Dar. Nami ndivyo nilivyoijua kwa miaka. Safari hii nilipata Jumamosi na Jumapili njiani nikirejea kazini Ulaya, nikazimalizia Satwa kwa mpwa wangu. Nimerudi na hoja moja, mnisahihishe nikikosea.

Kwanza mahali penyewe. Satwa imekaa kati ya barabara ya Sheikh Zayed, yenye minara ya vioo, na Jumeirah, mtaa wa wenye nazo ulio kando ya bahari. Ukishuka kwenye Metro (ilianza tarehe 9 Septemba 2009) unavuka barabara kwa daraja la juu lenye kiyoyozi, unateremka, na papo hapo uko mji mwingine: nyumba za chini zenye ua, mafundi cherehani, maduka ya vitambaa, wauza miche, mikahawa ya Wapakistani kama Ravi, ulioanza mwaka 1978. Wafilipino ndio usiseme! Fumba macho usikilize Kitagalog saluni na kwenye maduka ya kutuma pesa, utadhani uko Manila. Wao huitana "kabayan", mtu wa kwetu, kama sisi tunavyosema "Mswahili mwenzangu".

Pale darajani nikaikumbuka Darajani ya Unguja. Ng'ambo iliitwa hivyo kwa kuwa ng'ambo ya mkono wa bahari ulioitenga na Mji Mkongwe. Waliokaa huko ni vibarua, wachuuzi, wavuvi, na wengi waliotoka utumwani na vizazi vyao. Mkono wa bahari ulifukiwa, jina likabaki. Sasa Satwa ni ng'ambo ya barabara badala ya maji. Anayelinda mlango wa mnara, anayeshona nguo za harusi, anayelea watoto wa watu, wengi wao wanarudi kulala mitaa ya namna hii. Mji unaong'ara haumalizi siku moja bila ng'ambo yake.

Zote mbili pia zimepangiwa mambo. Mwaka 2008 ulitangazwa mradi wa Jumeirah Garden City, dirham bilioni 350, uliokuwa uimeze Satwa. Nyumba ziliandikwa namba ukutani, baadhi zikabomolewa. Ukaja msukosuko wa fedha duniani, mradi ukakwama, nyumba nyingi zikapona. Ng'ambo nayo, baada ya Mapinduzi ya 1964, sehemu zake zilivunjwa kupisha majumba ya Michenzani, yaliyochorwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki.

Lakini hapa ndipo njia zinapoachana. Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya ardhi. Kibanda changu, walisema, iweje nilipie mchanga ulio chini yake? Laura Fair ameueleza mgomo huo vizuri katika Pastimes and Politics (2001). Waliweza kugoma kwa sababu walishajihesabu wenyeji. Mkaazi wa Satwa atagoma vipi? Ukaazi wake umefungwa na kazi. Kazi ikiisha, kibali nacho kinakwisha.

Mpwa wangu ni mlinzi, mwaka wa tisa huu. Hakupanga chumba, kapanga kitanda, nyuma ya ubao. Mwenye nyumba amekwisha kumhamisha mara tatu. Juni 2025 Manispaa ya Dubai ilitangaza msako wa vyumba vilivyogawanywa bila kibali, Satwa ikiwemo, kwa kuhofia moto. Kwa kweli sababu ni ya haki, maana niliuona ule ubao na sikulala vizuri. Lakini mtu akitolewa hapo aende wapi kwa mshahara uleule?

Jumapili, siku yake pekee ya mapumziko, tulikaa nje tukinywa chai ya maziwa. Kila apitaye akamsalimu. Nikamwambia, "Kumbe wewe ni mwenyeji hapa."

Akacheka. "Hapana, mjomba. Hawa nawajua kwa majina ya utani tu. Ukimjua mtu sana, akiondoka unaumia."

Nimefundisha habari za miji zaidi ya miaka ishirini, na siku zote nimeandika kwamba mtaa ni watu. Jibu lile limenitia mashaka. Naona sasa kwamba watu hawatoshi. Mtaa unataka muda pia, na muda wenyewe uwe mikononi mwa wanaoishi hapo. Ng'ambo walikuwa nao, japo kidogo. Satwa ina kila kitu cha mtaa, isipokuwa huo.

Basi, ukipita Dubai, usiishie Deira. Vuka daraja, na ukimkuta kijana wa kwetu mlangoni mwa mnara, msalimie kwa Kiswahili na umuulize analala wapi.

Naomba kuwasilisha.