Je, Wajua? Ncha Nyeusi ya Balbu

Ncha ya balbu ya H4, ya taa za mbele, hupakwa rangi nyeusi makusudi. Huzuia mwanga kuchoma moja kwa moja macho ya dereva anayekuja.

Ndani, chini ya waya wa dimu (mwanga wa chini), kuna kikombe cha chuma kisichofikia ukubwa wa ukucha. Huziba mwanga ambao ungerushwa juu. Ukingo wake mmoja umeinamishwa nyuzi 15, ili mwanga uinuke kando ya barabara pekee, si upande wa wanaokuja. Kando hiyo hutegemea upande wa kuendesha. Japani huendesha kushoto kama Kenya. Taa za magari yake zinafaa Kisumu bila kugeuzwa. Za Ufaransa, inakoendeshwa kulia, humulika wanaokuja.

LED za bei rahisi badala ya balbu hii? Nyingi hutawanya mwanga ovyo. Zijaribu ukutani kwanza: mpaka wa mwanga na giza usipoonekana wazi, zirudishe dukani.