Pikipiki ya Zamani: Paipu ya Oili Haizibwi, Hubadilishwa

Wakazi wenye pikipiki za zamani wanashauriwa kukagua paipu za mpira zinazopeleka oili kwenye injini, na kuzibadilisha mara zinapoonyesha dalili za kuchoka. Kuzifunga kwa utepe, gundi au kipande cha tyubu si kuzitengeneza. Ni kuahirisha hasara, na mara nyingine ni kuhatarisha maisha.

Pikipiki hizi bado zinafanya kazi vijijini. Kabla ya mwaka wa 2008, Serikali ilipoondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki zenye injini ya chini ya sisi 250, pikipiki hazikuwa nyingi kama leo. Baadhi ya zilizokuwapo zilikuwa za maafisa wa kilimo na mifugo na za misheni. Yamaha DT na AG 100 ni miongoni mwa zile zinazokumbukwa. Wapo pia wazee waliohifadhi BSA au Triumph za Uingereza, ambazo vijana wao sasa wanazifufua.

Kwa mkazi wa Nchiru, jambo hili si la mapambo. Barabara ya Meru kwenda Maua hupitiwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, wafanyabiashara wa soko, bodaboda na magari ya miraa yanayokimbizana na saa. Injini ikikwama ghafla katikati ya msongamano huo, anayeumia huenda asiwe mwenye pikipiki peke yake.

Kwa nini pikipiki ya zamani?

Bodaboda nyingi za siku hizi huhifadhi oili chini ya injini yenyewe, na oili hiyo huzunguka humo humo ndani. Pikipiki nyingi za zamani zina tangi la oili lililo mbali na injini. Kati ya tangi na injini kuna paipu ya mpira, na uhai wa injini hupitia hapo.

Katika Yamaha za mipigo miwili, pampu ndogo huvuta oili kutoka kwenye tangi na kuichanganya na petroli inapoingia kwenye injini. Pistoni haina oili nyingine ya kuilainisha. Paipu ikipasuka, ikiziba au ikivuta hewa, pistoni hupata joto, hutanuka na kushikana na silinda. Gurudumu la nyuma hukwama papo hapo. Ukisikia injini inapoteza nguvu na kulia kwa namna usiyoizoea, shika klachi mara moja, toka barabarani kwa uangalifu na uzime.

Katika BSA na Triumph za zamani, paipu ni mbili. Moja hushusha oili kwenye injini, nyingine huirudisha kwenye tangi. Zikibadilishana nafasi, injini haipati oili hata kama tangi limejaa. Kwa hiyo zitie alama kabla ya kuzitoa.

Dalili za kuangalia

Ikague paipu injini ikiwa baridi. Ikunje kidogo, hasa karibu na ncha zake, uone kama ina nyufa. Ibonyeze kwa vidole. Ikiwa ngumu kama plastiki, imekauka. Ikiwa laini na imevimba, oili imeula mpira. Paipu ya namna hii huweza kuonekana nzima kwa nje huku tabaka lake la ndani limelegea na kuziba njia.

Kwa pikipiki ya mipigo miwili, angalia pia tangi la oili. Ukijaza petroli mara kadhaa na oili haipungui hata kidogo, usifurahi kwamba pikipiki haili oili. Huenda oili haifiki inakotakiwa. Moshi wa bluu ukitoweka kabisa, hiyo nayo ni sababu ya kusimama na kukagua.

Chunguza gurudumu la nyuma. Oili inayodondokea tairi huondoa mshiko wake, na dereva huteleza kwenye kona ya kwanza.

Kuchagua mpira unaofaa

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Tyubu ya baiskeli, mpira wa kunyunyizia maji shambani na paipu angavu ya plastiki hazifai. Mpira wa asili huvimba na kuoza ukiguswa na oili. Plastiki angavu hupendeza ikiwa mpya, lakini joto la injini huifanya iwe ngumu na itoke kwenye kiungo.

Omba paipu iliyotengenezwa kwa ajili ya oili au petroli. Nyingi hutengenezwa kwa mpira wa nitraili, ambao hustahimili mafuta, na huwa na nyuzi za kuiimarisha katikati. Paipu bora huwa na maandishi ubavuni, kwa mfano SAE J30 R7. Nenda dukani na kipande cha paipu ya zamani ili upime upana wa ndani. BSA na Triumph nyingi hutumia inchi 5/16, yaani karibu milimita 8. Za Yamaha ni nyembamba zaidi. Paipu pana kuliko kiungo haiokolewi na klipu, hata ukiikaza vipi.

Hatua za kazi

Kwanza, safisha vumbi lote kuzunguka viungo kabla ya kufungua chochote. Mchanga ukiingia kwenye njia ya oili, utaharibu pampu.

Pili, weka chombo chini, mwaga oili na toa paipu ya zamani. Ikigoma, ipasue kwa wembe kwa urefu wake. Usiivute kwa nguvu, kwani kiungo cha shaba au cha plastiki huvunjika upesi.

Tatu, kata paipu mpya kwa kisu kikali, si kwa msumeno. Msumeno huacha chembe za mpira ndani, nazo huenda kuziba pampu. Urefu ulingane na wa zamani. Paipu isijikunje, isiguse ekzosi na isisuguane na fremu.

Nne, paka oili kidogo kwenye kiungo, sukuma paipu hadi mwisho, kisha kaza klipu kiasi. Klipu iliyokazwa kupita kiasi hukata mpira. Usitumie silikoni, kwa sababu vipande vyake hukatika na kusafiri hadi ndani ya injini.

Tano, toa hewa. Hatua hii ndiyo husahaulika zaidi. Kwenye pampu ya Yamaha kuna skrubu ndogo ya kutolea hewa. Jaza tangi, ilegeze, ngoja hadi oili itoke bila mapovu, kisha ikaze. Kwenye BSA au Triumph, washa injini, iache ingurume polepole, kisha fungua kifuniko cha tangi. Ukiona oili ikirudi ndani, mzunguko ni mzima. Usipoiona baada ya muda mfupi, zima na utafute kosa.

Kwa Yamaha, tia tahadhari moja zaidi. Katika tangi la kwanza la petroli baada ya kazi hii, changanya mililita 20 za oili ya mipigo miwili kwa kila lita 1. Moshi utaongezeka, lakini injini italindwa hadi uhakikishe kwamba pampu inafanya kazi.

Wajibu wa mwenye pikipiki

Kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinataka kila chombo kitunzwe katika hali isiyohatarisha watumiaji wengine wa barabara. Umri wa pikipiki si kisingizio.

Oili chafu uliyoimwaga pia ina wajibu wake. Huhesabiwa kuwa taka hatari. Usiimwage kwenye mtaro au shambani, kwa kuwa mvua ikinyesha huishia mtoni, na maji hayo hayo hunyweshwa mifugo na kumwagilia mboga. Iweke kwenye mtungi wenye kifuniko na uipeleke kwa gereji inayokusanya oili iliyotumika.

Baada ya siku chache za kuendesha, kagua klipu tena, kwa sababu mpira mpya hujikalia na klipu hulegea kidogo. Kisha jenga desturi ya kupitisha kitambaa safi kwenye paipu kila wiki. Kitambaa kikitoka na oili, usisubiri safari ijayo.