SOMO LA LEO: KUSIKILIZA NYIMBO ZA HUZUNI

Leo tutajifunza habari za Nick Drake, mwimbaji wa Uingereza. Alizaliwa mwaka 1948, akafa mwaka 1974, umri wake miaka 26. Alitunga nyimbo zake mwenyewe, akaziimba kwa sauti ya chini huku akipiga gitaa.

Alitoa santuri tatu tu. Five Leaves Left, ya 1969, ina fidla nyingi. Bryter Layter, ya 1971, ina ngoma na matarumbeta. Pink Moon, ya 1972, ina sauti yake na gitaa lake, na piano kidogo mahali pamoja. Alipokuwa hai wanunuzi walikuwa wachache. Sifa zilikuja baadaye.

Je, uanze na ipi? Anza na ya pili, maana imechangamka. Fuatisha ya kwanza. Ya tatu iache mwisho, uisikilize usiku, kumetulia. Haifiki nusu saa. Msikilize kama mtu aliyekuja kukueleza shida yake: usimkatize.

Sasa jibuni swali hili darasani: Hapa kwenu, ni nani aimbaye kwa sauti ya chini, wala hasikilizwi? Mtafuteni angali hai. Kwaherini.