Mbwa anapougua safarini: Joto ni hatari kuliko matapishi

MSIMU wa likizo unapowadia, baadhi ya familia za mijini hufunga safari pamoja na mbwa wao. Aghalabu gari huwa halijafika mbali kabla ya mnyama huyo kuanza kutetemeka, kudondokwa na mate na hatimaye kutapika. Wenyewe hushikwa na hofu wasijue la kufanya: je, amekula sumu, ameshikwa na maradhi au ameingiwa na kichaa?

Swali hilo lina uzito, kwa kuwa mate na mahangaiko yaweza kusababishwa na mambo matatu yasiyolingana kwa hatari: kichefuchefu na wahaka wa safari, kuzidiwa na joto, au kichaa cha mbwa. La kwanza ni usumbufu tu. La pili laweza kuua kwa muda wa saa chache. La tatu huua mbwa na binadamu pia.

Kichefuchefu cha safari huanzia katika sikio la ndani, ambalo huuwezesha mwili kudumisha usawa wake. Gari linapopinda kona, sikio huuarifu ubongo kwamba mwili unasogea, ilhali macho ya mbwa aliyelala sakafuni hayaoni chochote kikisogea. Ubongo hupokea habari mbili zinazokinzana, na tumbo huchafuka. Vilebu, yaani watoto wa mbwa, huathirika zaidi kwa sababu sehemu hiyo ya sikio haijakomaa. Wengi wao hupata nafuu wanapokua.

Kwa mbwa wazima, mara nyingi kiini huwa ni kumbukumbu. Mbwa ambaye hupandishwa gari tu anapopelekwa kudungwa sindano huanza kutetemeka mlango unapofunguliwa. Kupiga miayo mfululizo, kulamba midomo, kulialia na kukataa kutulia ni dalili za wahaka. Kumgombeza humzidishia hofu.

Dawa ya hofu hiyo ni mazoea. Majuma kadhaa kabla ya safari, mbwa aketishwe katika gari lililozimwa na kupewa kitu akipendacho. Akizoea, injini iwashwe. Baadaye azungushwe mtaani, kisha mwendo urefushwe kidogo kidogo.

Siku ya safari, mbwa mzima asilishwe kwa saa chache kabla ya kuondoka, ila maji asinyimwe. Kilebu mdogo hafai kukaa na njaa kwa muda mrefu, hivyo ni heri ushauri wa daktari wa mifugo utafutwe. Mbwa awekwe katika kizimba chenye kupitisha hewa, pamoja na tandiko lenye harufu ya nyumbani, na apumzishwe kila baada ya saa mbili hivi akiwa amefungwa kamba.

Ipo dawa ya kuzuia kutapika iliyotengenezewa mbwa, maropitant, ambayo daktari huagiza kulingana na uzito wa mnyama. Dawa za binadamu zisitumiwe kwa kubahatisha. Ibuprofen, kwa mfano, yaweza kumwumiza mbwa tumbo na figo. Hata dawa za kutuliza zina madhara: baadhi hulegeza mwili huku hofu ikibaki pale pale, na hudhoofisha uwezo wa mnyama kukabiliana na joto.

Joto ndilo jambo la kuchungwa zaidi, hasa kwa wanaoteremka Pwani. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mbwa aliyezoea baridi yake hujikuta, katika safari ya kilomita 480 hivi kuelekea Mombasa, akipita kwenye joto la Mtito Andei na Voi. Mbwa hatoi jasho ila kidogo tu kwenye nyayo. Hupoza mwili kwa kuhema. Wenye pua fupi, kama vile bulldog na pug, hulemewa upesi.

Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39 hivi za Selsiasi. Likifika 41, maisha yake yamo hatarini. Gari lililoegeshwa juani siku yenye nyuzi 24 laweza kufika 34 ndani kwa dakika 10, na 43 kwa nusu saa. Kuacha dirisha wazi kidogo hakusaidii sana. Laika, mbwa aliyerushwa angani na Muungano wa Kisovieti mnamo Novemba 1957, alifariki saa chache baada ya kuondoka kutokana na joto na mfadhaiko, ingawa ukweli huo ulifichuliwa mwaka wa 2002 pekee.

Mbwa aliyezidiwa na joto huhema bila kukoma, ufizi wake huwa mwekundu mno, hupepesuka, na huweza kuhara damu au kuzirai. Gari lisimamishwe, apelekwe kivulini, amwagiwe maji mwilini na kupepewa. Anywe maji kidogo ikiwa ana fahamu. Apozwe kwanza, kisha akimbizwe kwa daktari, hata akionekana amepata nafuu, kwa sababu figo na ini huweza kuwa zimeathirika.

Kuhusu kichaa, tofauti kuu ni kwamba wahaka wa safari hutulia gari linaposimama. Mbwa mwenye kichaa hubadilika tabia hata akiwa nyumbani, hushindwa kumeza, taya hulegea, na huenda akauma bila kuchokozwa. Mbwa wa aina hiyo asiguswe, na maafisa wa mifugo waarifiwe. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitalini bila kukawia kupata chanjo, kwani dalili zikishajitokeza ugonjwa huo karibu daima huua.

Kenya ilizindua mwaka wa 2014 mkakati wa kukomesha vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa kufikia 2030. Mkakati huo unategemea chanjo ya mbwa kila mwaka. Anayepanga safari na asingoje siku ya kuondoka, kwa kuwa kinga ya chanjo ya kwanza huchukua majuma kadhaa kujengeka. Na ikiwa mbwa hana budi kufungiwa garini peke yake huko aendako, ni heri abaki nyumbani chini ya uangalizi wa mtu anayemzoea.